Uzinduzi wa Mashine ya Kukimbia Papo Hapo

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye amechelewa kwa sababu za kitaifa na ambaye kiti chake mnakiona pale kimefunikwa kitambaa, Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mwakilishi, ndugu mwakilishi huyo, karibu, sogea kivulini, ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi mliofika na mliosema mtafika, Ndugu Klara, muuguzi wa zahanati yetu, Ndugu Pantaleo, kiongozi wa wachukuzi wa mizigo wa hapa Kariakoo, pamoja na wenzako mliokubali kuyaweka magunia chini kwa muda, Ndugu Ubeid na wenye maduka wote, akina mama, akina baba, vijana, na wazee wangu ambao nawapa shikamoo moja ya jumla (Marahaba.), na ninyi ndugu mliojipanga mstari kule ukutani mkidhani hapa panagawiwa sukari, nanyi nawatambua rasmi na nawaomba msiondoke, maana kusimama wima ni hatua ya kwanza ya mazoezi. (Kicheko. Sauti kutoka mstarini: "Kwa hiyo sukari hakuna?") Swali hilo ni zuri na litajibiwa na idara inayohusika.

Mimi, kwa wachache ambao bado hawajabahatika kunifahamu, ni Aristides Chinguile, Katibu Mtekelezaji wa Kamati Ndogo ya Mazoezi ya Viungo kwa Watumishi Wasio na Nafasi. Nimesimama mbele yenu asubuhi hii kuzindua mradi ambao, kwa upeo wake, kwa falsafa yake, na kwa jinsi ulivyozingatia hali halisi ya uchumi wetu baada ya vita, haujapata kuonekana katika mtaa huu, na kwa tathmini yangu binafsi hautaonekana tena. (Makofi kutoka meza kuu.) Taifa limetuambia tufunge mkanda. Kamati yangu ikakaa, ikatafakari kwa kina, ikaona kufunga peke yake hakutoshi, ikaazimia kwamba mwananchi apewe mkanda mwingine wa kukimbilia juu yake. (Makofi. Mzee mmoja anamuuliza jirani yake, "Mkanda gani huo?")

Ndugu wananchi, naomba nieleze mradi ulivyozaliwa, kwa sababu mitaani kuna maneno, na mengine yanasemwa na watu ninaowafahamu kwa sura na ambao sasa hivi wananitazama.

Asubuhi moja, nikiwa katika utekelezaji wa majukumu yangu, nilikuwa napanda ngazi za ofisi yetu kwenda ghorofa ya tatu kuongoza kikao cha maandalizi ya kikao. Nilipofika ghorofa ya pili nikaona ukuta unazunguka. Nikajiambia huu ni uchovu wa uongozi. Nikapanda ngazi nyingine mbili, na baada ya hapo taarifa nilizo nazo ni za kuambiwa: nilianguka, nikashuka kwa kuviringika, nikasimamishwa na Ndugu Benjamini wa masijala, ambaye alikuwa anapanda na chai, na chai yote ikamwishia yeye. (Kicheko. Benjamini anainua mkono kuthibitisha.)

Nilipofumbua macho nilikuwa zahanati, Ndugu Klara amenifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, na uso wake haukuwa uso wa kumfurahia mgonjwa. Akaniuliza, "Ndugu Katibu, mara ya mwisho kutembea ni lini?"

Nikamjibu, "Natembea kila siku. Kutoka garini hadi ofisini."

"Gari linasimama wapi?"

"Mlangoni."

(Kicheko kirefu upande wa wachukuzi.) Chekeni, hiyo ni haki yenu. Lakini yeye hakucheka. Alikaa kwenye kile kigoda chake akaniambia polepole, kama anavyoongea na watoto wa sindano, "Kaka yangu, moyo wako unafanya kazi ya watu wawili, na wewe unafanya kazi ya kukaa. Ukiendelea hivi, harusi ya Candida utasimuliwa." Candida ni binti yangu wa kwanza, ndugu wananchi, na alikuwa ameshachumbiwa. Nilimwambia Ndugu Klara kwamba taarifa yake nimeipokea na itafanyiwa kazi. Nikatoka nje nikakaa kwenye lile benchi la wajawazito kwa muda mrefu. Sikumweleza mtu yeyote hilo. Nilipofika nyumbani mchana nikamweleza mke wangu Evarista yaliyosemwa. Alinyoosha mkono tu, akaivuta sahani ya pilau kutoka mbele yangu, akaisogeza kwa shemeji yake. (Sauti ya mama mmoja: "Alifanya vizuri.")

Nilirudi kwa Ndugu Klara nikamwambia ukweli wa kiutendaji, kwamba nafasi sina. Asubuhi kikao, mchana tathmini ya kikao, jioni maandalizi ya kikao cha kesho. Akanijibu, "Nafasi unayo, ila imekatikakatika. Chukua kipande asubuhi kabla ya kazi, chukua kingine mchana wakati ule mnaposinzia. Usitafute saa nzima, hutaipata. Anza taratibu mpaka mwili upate joto. Halafu ongeza kasi mpaka ushindwe kumaliza sentensi."

Nikamwambia, "Dada, mimi sentensi zangu ni ndefu."

"Basi utapona haraka," akasema. "Ukishindwa, punguza, upumue, halafu ongeza tena. Hivyo hivyo, kasi na taratibu, kasi na taratibu. Kipande kifupi cha namna hiyo kinashinda kutwa nzima ya kujikokota."

Ndugu wananchi, mtu wa kawaida angeanza kutembea. Lakini kiongozi halitazami jambo kwa macho ya mtu mmoja. (Makofi.) Nilijiuliza, Katibu Mtekelezaji atembee mitaani, anatoka jasho, shati limemganda, wananchi watamwelewaje? Ndipo nikakumbuka semina moja niliyohudhuria ng'ambo, ambako katika hoteli tuliyofikia nilimwona mzee mmoja wa Kizungu, kaptura fupi, anakimbia ndani ya chumba. Alikimbia mimi nikiingia kunywa chai, na nilipomaliza chai alikuwa anakimbia pale pale. Chini yake kulikuwa na mkanda mpana unaozunguka, ukimrudisha kila anapokwenda, na pembeni vyuma viwili vya kushikilia, ambavyo Ndugu Klara baadaye alinifafanulia kwamba mtu asiviegemee, kwa kuwa anayeviegemea ni sawa na anayesukumwa kwenye kiti. Nikaona hii ndiyo mashine ya mtumishi wa umma: unakwenda mbio na ofisini hujatoka. (Kicheko.) Nikaandaa mpango mkakati. Utafiti uliofanywa na kamati yangu ulionyesha kwamba asilimia tisini na kitu ya watumishi wa eneo hili huwa wamekaa, na asilimia iliyobaki wako likizo. Nikaelekeza mashine iagizwe, nikajiridhisha kwamba imeagizwa, nikaanza maandalizi ya ukumbi.

Hapo ndipo panapoingia suala la Ndugu Hyasinta, ambalo limepotoshwa sana.

Nyuma ya ofisi yetu kuna banda, ambalo kwa miaka mingi Ndugu Hyasinta amekuwa akilitumia kupikia wachukuzi ugali na maharage. Nilimfuata kwa heshima zote nikamfahamisha kwamba banda limeteuliwa kuwa Ukumbi wa Mazoezi. Alikuwa anasonga, hakugeuka.

"Mashine yenyewe iko wapi?" akaniuliza.

"Iko njiani."

"Basi ikifika nitatoka, kaka. Siwezi kutolewa na kitu kilicho njiani."

Nikamweleza kuhusu maandalizi ya awali, nikamweleza kuhusu taratibu, na vijana wa ofisi wakayatoa masufuria nje wakati naendelea kumweleza. (Miguno upande wa wachukuzi.) Ulikuwa uhamisho wa muda. Masika ikawahi, mvua ikazima moto wa Ndugu Hyasinta mara kadhaa, ndugu zetu wachukuzi wakawa wanabeba magunia kwa mihogo mibichi na maji ya bomba. Ndugu Pantaleo alipanda hadi ofisini kwangu, ghorofa ya tatu, akasimama mlangoni na kipande chake cha gunia begani, akaniambia, "Mzee, leo kijana wangu Eliasi ameanguka na gunia la mchele pale sokoni. Hakuumia. Ameanguka kwa njaa. Mimi sikuja kugombana. Nimekuja useme hiyo mashine inafika lini."

Nilimjibu kwamba nitafuatilia mimi mwenyewe. Na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, ndugu wananchi, nikafuatilia. (Makofi.)

Wakala wa kupokea mizigo alikuwa na ghala lake karibu na geti la bandari. Nikaagiza Landrova ya ofisi. Dereva akaniambia Landrova ipo ila mafuta hayapo, mgao wetu umekwisha kwenye matayarisho ya ziara ambayo haikufanyika. Nikasubiri basi mpaka nikaona vikao vinanipita. Kwa hiyo nikateremka mwenyewe kwa miguu, na tai shingoni, kutoka hapa hadi kule bandarini, kwa sababu neno nilikuwa nimeshalitoa kwa Ndugu Pantaleo.

Safari ile ya kwanza siitaki hata kwa adui. Nilipumzika kwenye kila baraza la duka. Ndugu Ubeid, yule pale, alinitolea stuli na kahawa na kuniuliza kama kuna msiba. Nilipofika ghalani, karani wa wakala, kijana mmoja mpole anayeitwa Abdulla, aliniamkia shikamoo, nikashindwa kuitikia, akanikalisha kwenye boksi na kunipepea kwa kipande cha karatasi ngumu. Nilipopata sauti nikamuuliza kuhusu mashine. Alinitazama usoni, akaendelea kunipepea. Akasema, "Mkubwa wangu ametoka, mzee. Labda uje kesho."

Nikaja kesho. Mkubwa alikuwa kwenye kikao. Nikaja tena, funguo za ghala zilikuwa na mtu mwingine. Na kila nilipokwenda nilikumbuka kwamba ofisi yao inafungwa mchana, kwa hiyo nikawa natoka mapema kabla ya kikao changu cha kwanza, na nikiona nachelewa naongeza mwendo kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine, nikiishiwa pumzi napunguza, nikipata pumzi naongeza. Akina mama wa sokoni wakawa wananiambia, "Leo umechelewa, Baba Candida." Ile tai niliivua, nikaiweka mfukoni. Mkanda wa suruali ukawa unataka tundu jipya, nikampelekea fundi viatu atoboe. (Kicheko na makofi.)

Siku moja nikatoka kule bandarini mchana, njaa imenikamata vibaya, nikapita nyuma ya ofisi kutafuta chochote. Nikamkuta Ndugu Hyasinta ameinama uani chini ya bati moja, anapuliza kuni zilizolowa, moshi umemjaa machoni. Bandani mwangu mlikuwa na bango na kiti. Nikamwambia, "Dada Hyasinta, chakula kipo?"

Akasema, "Kipo njiani."

(Kicheko kikubwa. Mzungumzaji anasubiri.) Nilivua koti, nikabeba sufuria la kwanza mwenyewe nikaliingiza bandani, nikarudi kuchukua la pili. Baadhi ya watu walidai ni njaa ndiyo iliyonifanya vile. Katika taarifa rasmi tumeandika kwamba ni mapitio ya matumizi ya ukumbi. Tulikula wote pamoja siku ile, mimi, Ndugu Pantaleo, na yule Eliasi, ambaye sahani yake niliangalia inajazwa vizuri. (Makofi marefu. Wachukuzi wanapiga miluzi.)

Naendelea. Siku moja nilipofika kwa wakala nikakuta sanduku kubwa la mbao linafunguliwa uani, na ndani yake, ndugu wananchi, kuna mkanda. Mpana, mweusi, una vyuma pembeni. Abdulla alikuwa anasema, "Mzee, subiri kwanza," lakini nilikuwa nimesubiri vya kutosha. Mafundi walikuwa wanaujaribu kwa umeme. Nikapanda juu, nikawatangazia wapakiaji wote waliokuwepo kwamba sasa wataona namna ya kukimbia bila kwenda.

Nikaenda. (Kicheko.) Mkanda ulikuwa umeinuka kidogo kwa mbele, nikadhani ndio ufundi wenyewe. Nilikimbia kwa nguvu zote, lakini mwendo wangu na mwendo wa mkanda vilikuwa vinakwenda upande mmoja, na nilipotazama chini niliona vichwa vya watu. Halafu mkanda ukaisha, nikaangukia ndani ya lori lililojaa pumba. Dereva wa lori akachungulia, akasema kwa adabu sana, "Mzee, pole. Hiyo ni ya kupandishia magunia, ya kinuni kwetu."

Kitaalamu jaribio lile lilifaulu, kwa kuwa mtumishi alihamishwa kutoka chini hadi juu bila msongamano. Lakini nilibaki nimekaa mle ndani ya pumba, na niseme ukweli, uchungu ulinipata. Niliwaza nitamwambia nini Ndugu Pantaleo, nitamwambia nini Evarista. Abdulla akapanda lorini akanipa mkono. Tulikuwa tunapukutana pumba wote wawili, yeye anahema, kwa sababu lori lilikuwa refu. Mimi, ndugu wananchi, nilikuwa sihemi.

Nilirudi ofisini kwa miguu. Nikapanda ngazi huku namkaripia Ndugu Benjamini kuhusu faili lililopotea, nikamkaripia ghorofa ya kwanza, nikamkaripia ghorofa ya pili bila kukata sentensi, na tulipofika juu akaniambia, "Mzee, tumefika." Nikageuka, nikatazama zile ngazi. Nikashuka zote, nikavuka barabara, nikaingia zahanati.

Ndugu Klara alinipima mara ya kwanza, akakitikisa kile kipimo, akanipima tena. "Umekuwa unatembea wapi?" akauliza.

"Bandarini. Kuulizia mashine."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

Akafungua kile kitambaa mkononi mwangu, akakikunja. Akasema, "Basi usiache kuulizia." Halafu akageukia dirishani, na mabega yake nikayaona yanatikisika. Harusini kwa Candida, kwa taarifa yenu, nilicheza hadi shemeji yangu akaomba kiti. (Vigelegele.)

Hiyo ndiyo historia fupi. Sasa niingie katika shukrani, kwa sababu naona mwakilishi wa mwakilishi anatazama saa.

Namshukuru Ndugu Klara, kwa ushauri wa kitaalamu. Namshukuru Ndugu Ubeid, ambaye baada ya kuniona napita kila asubuhi alifunga duka kwa muda akanifuata, kwanza kwa udadisi, na sasa tumbo lake mnaliona linavyozidi kutii. Nawashukuru watumishi wa masijala na wa uhasibu, ambao siku hizi tunashuka nao pamoja kabla ya kazi. Namshukuru Ndugu Hyasinta kwa kupokea Ukumbi wa Mazoezi tunaouzindua leo, huu nyuma yangu wenye pazia na moshi, ambamo baada ya utepe kukatwa tutapata maharage. Na atakayekata utepe awe mwangalifu, kamba ya chini ni ya kuanikia vitambaa vyake. (Kicheko.)

Na kwa namna ya pekee namshukuru Ndugu Abdulla, yule pale nyuma amesimama na kofia mkononi. Juzi aliniita pembeni. Akaniambia, "Mzee, leo lazima nikwambie. Mashine yenu haipo. Haikupotea, haikuchelewa. Hakuna aliyeiagiza. Nimeuliza mpaka wizarani, na hata hiyo kamati yako hawaijui. Hawajapata kuiunda."

Nikamuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Daftari la mizigo ninaliandika mimi."

"Kwa nini uliniambia nije kesho?"

Akainamisha uso. Akasema, "Ulifika unahema, mzee, rangi imekutoka. Niliogopa nikikwambia utafia mikononi mwangu. Nikasema aje kesho, atakuwa amepata nguvu za kusikia. Kesho yake ukafika unahema kidogo tu. Keshokutwa yake ukawa na sura nzuri zaidi. Ndipo nikaona bora niendelee."

(Makofi, yakianzia upande wa wachukuzi.)

Kwa hiyo, ndugu Mgeni Rasmi usiyekuwepo, kwa mamlaka niliyopewa na kamati isiyokuwepo, natamka kwamba mashine isiyokuwepo imezinduliwa rasmi, na kwamba malengo yake yamefikiwa kwa asilimia mia moja. Mazoezi, hoyee. (Hoyee.) Vipande vipande, hoyee. (Hoyee.) Kukaa, zii. (Zii. Meza kuu inabaki imekaa.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nakwenda tena bandarini kuulizia. Anayetaka tufuatane anikute hapa mlangoni.